Alama za Tairi ni za Nani?



Jioni moja baada ya mvua kubwa huku kwetu Njoro, mdogo wangu alikazia macho tope la njiani akauliza, "Gari gani hii imepita na gurudumu moja?" Nilicheka. Zilikuwa nyayo zangu! Nilikuwa nimevaa akala, na akala, kama ujuavyo, hukatwa kutoka kwa tairi kuukuu. Hata hivyo swali lilinikaa kichwani: ile michoro, mwenyewe ni nani?

Nilimpelekea swali hilo mjomba wangu, fundi wa akala mjini Nakuru. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ya tairi siyajui, mpwa wangu. Ya kwangu niliyapoteza." Aliwahi kubuni akala za kina mama zenye kanda tatu zilizosukwa kama ukili. Wateja walizipenda ajabu. Kabla ya miezi miwili kwisha, vibanda vya jirani vilijaa akala zile zile, tena kwa bei ya chini. Mjomba akaacha kuzitengeneza.

Ndipo nikaanza kuuliza sheria inasemaje. Kenya tuna Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, na ofisi inayoisimamia ni KIPI, iliyoko Nairobi. Sheria hiyo hulinda hata sura ya kitu, yaani mistari, rangi au umbo linalokipa mwonekano wa pekee. Haibagui bidhaa ya kiwanda kikubwa na kazi ya mikono ya fundi wa jua kali.

Lakini upo mpaka. Usajili wa sura haulindi umbo ambalo kazi yake ni ya kiufundi tu. Tazama meno ya tairi. Mifereji yake husukuma maji kando ili gari lisiteleze barabara inapolowa. Ndiyo maana tairi kipara ni hatari. Basi hakuna awezaye kusajili sura ya tairi lake ili kuwakataza wenzake kuweka mifereji yoyote. Ila mifereji hiyo yaweza kupangwa kama mawimbi, almasi au mishale. Mpangilio mpya uliochaguliwa ili upendeze na utambulike ndio unaosajiliwa. Mwaka 1908 kampuni ya Firestone ya Marekani ilitoa tairi ambalo meno yake yalikuwa herufi za jina la kampuni pamoja na ahadi kwamba haliterezi. Herufi zilishika barabara, na papo hapo zikatangaza bidhaa.

Kwa hiyo mjomba hangeweza kujisajilia meno ya tairi, maana aliyakuta. Ule msuko wa kanda ndio uliokuwa wake. Angalifuata hatua hizi:

1. Kuhakikisha kwamba sura hiyo ni mpya. Njia salama ni kuomba usajili kabla ya kuionyesha sokoni.
2. Kupeleka KIPI fomu, michoro au picha za bidhaa, na ada.
3. Akisajiliwa, hulindwa miaka 5 tangu siku ya kuomba, na anaweza kuongeza mara mbili, miaka 5 kila mara. Jumla ni miaka 15.

Katika muda huo, mtu mwingine haruhusiwi kutengeneza, kuuza wala kuagiza kutoka nje bidhaa za sura ile kibiashara bila idhini yake. Muda ukiisha, sura huwa ya wote.

Nilipomweleza mjomba hayo, aliuliza, "Na zile za kusuka?" Nikamwambia kwamba zimeshaenea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Akainama, akatoa chini ya meza akala moja iliyofungwa kwa gazeti, ambayo sijaona mfano wake.

"Na hii je?"

"Hiyo, mjomba, usiitundike bado."

ZOEZI
(a) Kwa nini mjomba hangeweza kusajili meno ya tairi?
(b) Tafuta nyumbani kwenu kitu kimoja. Eleza ni sehemu gani ya umbo lake ni ya kazi na ni ipi ya urembo.