SOMO LA UFUNDI: PAMPU INAYOTUMA HABARI ZAKE YENYEWE

Wengi wetu tunaifahamu pampu ya mkono. Unashika mpini, unapampu, maji yanatoka. Tunafahamu pia siku inapoharibika. Mpini unakwenda juu na chini, lakini maji hakuna. Siku ya kwanza kina mama wanangoja. Siku ya pili wanajitwika ndoo na kwenda bwawani, mwendo wa saa nzima au zaidi. Mwenyekiti wa kamati ya maji anasema, "Nitakwenda kumwambia fundi." Lakini fundi yuko mbali, na nauli haipo. Mpaka habari imfikie, wiki imekwisha. Huku nyuma watoto wanakunywa maji ya bwawa, na kuhara kunaanza.

Je, pampu yenyewe inaweza kupeleka habari kwa fundi? Ndiyo, inaweza. Hebu tujifunze namna inavyofanyika.

1. CHOMBO KUONGEA NA CHOMBO

Tumezoea mtu kuongea na mtu kwa simu. Siku hizi hata chombo huongea na chombo. Kimoja hutuma habari, kingine hupokea. Hakuna waya katikati, na hakuna mtu anayebonyeza kitu.

Fikiria mita ya umeme ya LUKU, ile ambayo unaingiza namba 20 kwa kidole chako. Unanunua umeme, unapewa namba, unazipeleka kwenye mita. Hapo mjumbe ni wewe. Kama mita ingepokea namba zile yenyewe kupitia hewani, bila wewe kugusa kitu, hapo tungesema chombo kimeongea na chombo.

2. YALIYOFANYIKA KYUSO

Kyuso ni sehemu kavu ya Kitui, nchini Kenya. Watu wengi wa huko hutegemea pampu za mkono. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walifanya majaribio huko. Walitia kifaa kidogo ndani ya mpini wa pampu. Pampu zaidi ya 60 ziliwekewa vifaa hivyo. Pia waliandaa mafundi na vipuri, wakae tayari.

Kabla ya hapo, pampu ikiharibika ilikaa kwa wastani siku 27 bila kutengenezwa. Hizo ni karibu wiki nne. Katika majaribio yale muda huo ulishuka, ukawa chini ya siku 3. Fanya hesabu mwenyewe: 27 toa 3 ni 24. Kwa wastani, siku 24 za kutembea na ndoo kichwani ziliokolewa pampu ilipoharibika.

3. KIFAA KINAVYOFANYA KAZI

Kifaa hiki kina sehemu nne za kukumbuka.

(a) Kihisio. Hiki ndicho kinachotambua mwendo. Mpini ukiinuka na kushuka, kihisio kinajua.

(b) Kompyuta ndogo sana. Kazi yake ni kuhesabu. Mpini ukienda juu na chini mara moja, huandika moja. Mara ya pili, huandika mbili. Haichoki wala haisahau.

(c) Laini ya simu, kama ile iliyo katika simu yako. Saa iliyopangwa ikifika, kifaa hutuma hesabu yake kwa ujumbe mfupi. Ujumbe huo huruka kwa mawimbi ya redio mpaka kwenye mnara wa simu. Kutoka hapo hufika katika kompyuta ya ofisini.

(d) Betri. Bila betri, sehemu zote hizo zimekufa.

Kwa hesabu ile ofisi inaweza kukisia maji yaliyotoka. Tuseme kwa pampu yenu, kupampu mara 40 hujaza ndoo moja ya lita 20. Leo kifaa kimehesabu mara 4,000. Gawanya 4,000 kwa 40, utapata ndoo 100. Zidisha 100 kwa 20, utapata lita 2,000. Mtu aliye mbali ameyajua hayo bila kufika kisimani.

4. SIFURI NA KIMYA NI VITU VIWILI

Hapa tusome kwa makini. Tuseme hesabu za pampu moja ni hizi:

Jumatatu: 4,000
Jumanne: 3,900
Jumatano: 150
Alhamisi: 0

Jumatano kuna jambo limetokea. Huenda watu walijaribu kupampu, wakaona maji hayatoki, wakaacha. Lakini huenda pia mvua kubwa ilinyesha, watu wakakinga maji ya bati nyumbani. Kifaa hakijui habari za mvua. Kinajua mpini tu. Kwa hiyo lazima mtu apige simu kijijini na kuuliza, "Jamani, vipi maji huko?"

Sasa, je, kama Alhamisi hakuna ujumbe wowote uliofika? Hiyo si sifuri, hicho ni kimya. Sifuri maana yake kifaa ni kizima na kinasema mpini haukusogea. Kimya kinaweza kuwa betri imekwisha, au mtandao haupo, au kifaa kimeharibika. Pampu yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa.

Tena kuna jambo la tatu. Kama mipira ya ndani ya pampu imelika, watu hupampu sana na kupata maji kidogo. Hesabu itaonekana kubwa, na aliye ofisini atadhani mambo ni mazuri. Anayejua ukweli ni mama aliyeshika mpini.

5. KIFAA HAKITENGENEZI PAMPU

Ndugu msomaji, hili ndilo jambo kubwa katika somo letu. Kifaa kinatoa habari tu. Habari ikifika kwa fundi asiye na spea, pampu itabaki vilevile. Kule Kyuso kazi ilikwenda haraka kwa sababu habari ilikuta fundi yuko tayari na vipuri vipo. Tena mwaka ule wa majaribio wanakijiji hawakutozwa gharama za matengenezo. Baadaye iliundwa kampuni ya mafundi iitwayo FundiFix, katika Kitui na Kwale, na vijiji vilitakiwa kuchangia ada ya kila mwezi. Hapo ndipo kazi ngumu ilipo: kukubaliana, kuchanga, na kutunza fedha kwa uaminifu.

Je, kijiji kisicho na kifaa hicho kikae tu? Hapana. Kamati ya maji ichukue daftari na kuchora safu tatu: siku pampu ilipoharibika, siku fundi alipoambiwa, na siku ilipotengenezwa. Namba ya simu ya fundi iandikwe ukutani, mahali pa wazi. Anayekuta pampu imeharibika apige simu siku hiyohiyo, asingoje mkutano.

Baada ya miezi sita msome daftari hilo mbele ya wote. Mtaona siku zimepotelea wapi. Kama zimepotea kabla fundi hajaambiwa, shida yenu ni habari. Kama zimepotea baada ya kuambiwa, shida yenu ni fedha, spea au fundi mwenyewe. Ukijua shida iko wapi, utajua pa kuanzia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja sehemu nne za kifaa na kazi ya kila moja.
2. Kuna tofauti gani kati ya sifuri na kimya?
3. Kifaa kimehesabu mara 2,400. Kama mara 40 hujaza ndoo moja, ni ndoo ngapi?
4. Pampu yenu ilipoharibika mara ya mwisho, ilikaa siku ngapi? Siku hizo zilipotelea wapi?
5. Nani katika kijiji chenu atatunza daftari la pampu?