Sauti, Umbo na Maana: Ufanano katika Tanakali na Uradidi wa Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu hufundishwa mapema kwamba uhusiano kati ya neno na kitajwa chake ni wa nasibu. Msimamo huu unahusishwa na Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Uswisi, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake. Mswahili husema 'mti', Mjaluo husema 'yath', wala mti wenyewe haumlazimishi yeyote kati yao. Saussure aliyahesabu maneno yanayoiga sauti kuwa machache na ya pembezoni. Je, hukumu hiyo inatosha kwa Kiswahili? Makala haya yanashikilia kwamba ufanano wa umbo na maana upo, ila ni wa aina kadhaa, na kwamba kuzichanganya aina hizo ndiko kunakodhoofisha ufundishaji wa tanakali.

Sauti kuiga sauti

Kitenzi 'anguka' ni mfano mzuri. Mzigo huanguka sakafuni pu! Huanguka mchangani tifu! Huanguka matopeni tapwi! Huanguka majini chubwi! Kitenzi ni kilekile. Tanakali ndiyo inayomjulisha msikilizaji mahali kitu kilipoangukia, hata pasipotajwa.

Uteuzi wa sauti hizi haukosi sababu. Katika 'pu', hewa huzuiwa kabisa midomoni kisha ikaachiliwa kwa ghafla, mfano wa kishindo. Katika 'tifu', kikwamizo /f/ huipitisha hewa kwa mkwaruzo, mfano wa mchanga unaotawanyika. Nazo 'tapwi' na 'chubwi', zote za mahali penye unyevu, zina umbo moja: kipasuo cha midomo kinachofuatwa na /w/ na irabu /i/. Hapa masikio na kinywa vinashirikiana, na dai la unasibu mtupu halisimami.

Sauti kuiga neno

Rangi haina mlio. Hata hivyo, husemwa nyeupe pe, nyekundu ndu na nyeusi ti. Ni nini kinachoigwa? 'Pe' ni mwangwi wa silabi ya mwisho ya 'nyeupe', na 'ndu' ni mwangwi wa 'nyekundu'. Katika mifano hii, sauti inaliiga neno lenyewe wala haiigi kitu. 'Ti' haina hata mwangwi huo, kwani 'nyeusi' haina silabi hiyo. Inashikamana na weusi kwa mazoea ya wasemaji. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba kila tanakali ni mlio humwacha akitafuta mlio wa weusi asiupate.

Umbo kuiga tendo

Uradidi nao huleta ufanano wa namna nyingine. Anayerukaruka huruka mara nyingi. Tendo limerudiwa na neno limerudiwa. Lakini 'majimaji' si maji mengi, na 'homahoma' si homa kali bali dalili zake tu. Umbo lilelile linaloongeza tendo linaweza kupunguza uzito wa nomino.

Ukubwa na udogo unadai uangalifu zaidi. 'Lango' ni kubwa kuliko 'mlango', ilhali umbo lake ni fupi; 'kijumba' ni kidogo kuliko 'jumba', ilhali umbo lake ni refu. Mwaka 1929 Edward Sapir aliwapa watu maneno mawili ya kubuni, 'mil' na 'mal', yote yakiwa na maana ya meza, akawauliza lipi linataja meza kubwa. Wengi walichagua 'mal'. Mtu angeweza kudhani kwamba ndiyo sababu ki- ya udogo ina irabu /i/. Hata hivyo, ji- ya 'jitu' ina irabu iyo hiyo, nayo inataja ukubwa.

Historia ya maneno pia huonya. 'Pikipiki' husikika kama mngurumo wa injini. 'Bodaboda' lina umbo la aina hiyo, lakini halikutokana na mlio wowote: asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, kutokana na baiskeli zilizobeba abiria mpakani Busia.

Hitimisho

Mjadala huu hauubatilishi unasibu wa Saussure, unauwekea mipaka. Lugha huiga kwa kuchagua, na mara nyingi ufanano hutambulika baada ya maana kujulikana.

Kwa mwalimu, tofauti hii ina uzito. Tanakali zikikaririwa kama orodha ya mtihani, 'tifu' na 'ti' huwa sawa, na zote husahaulika pamoja. Inafaa zile zinazoiga sauti zifundishwe kwa sikio, kwa kuangusha kitu mchangani na kusikiliza. Zile za mwangwi na za mazoea zifundishwe pamoja na maneno yanayoandamana nazo. Mwanafunzi aliyepoteza 'tapwi' na 'chubwi' bado anaweza kusema kwamba mtu ameanguka. Alichopoteza ni uwezo wa kumfanya msikilizaji ayasikie matope na maji.