Uchakavu wa Lori na Kodi ya Mapato
Kijitabu cha elimu kwa wamiliki wa magari ya biashara, Nkwenda na wilaya za Kyerwa na Karagwe

Kwa nini usome kijitabu hiki

Kahawa, ndizi na maharage ya Kyerwa na Karagwe hayafiki sokoni bila lori. Lori lenyewe hulipa gharama ya safari hizo kwa mwili wake. Linalotoka Nkwenda likapitia Omurushaka na Kyaka hadi Bukoba, au likaelekea Murongo mpakani, huacha sehemu ya thamani yake njiani: springi, bushi, giaboksi, bodi. Mmiliki aliyelinunua kwa milioni 80 anajua kwamba baada ya miaka mitatu hakuna atakayempa fedha hiyo.

Upungufu huo wa thamani, yaani uchakavu, ni gharama halali ya biashara, na Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, iliyotungwa mwaka 2004, inaitambua. Kila mwaka mmiliki anaruhusiwa kutoa sehemu ya thamani ya gari katika mapato yake kabla ya kodi kukokotolewa. Haki hiyo humfikia mwenye kumbukumbu. Asiye nazo hulipa kodi juu ya faida ambayo barabara ilikwisha kuila.

Matumizi ya kawaida na uchakavu

Dizeli, mshahara wa dereva na utingo, bima, leseni ya LATRA, tairi na matengenezo ya kawaida hutolewa yote katika mwaka yalipotokea. Bei ya kununua gari haiendi hivyo. Gari linafanya kazi miaka mingi, kwa hiyo bei yake hutolewa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, kwa viwango vilivyowekwa katika Jedwali la Tatu la Sheria. Anayeandika bei yote ya lori kama matumizi ya mwaka mmoja atarekebishiwa hesabu na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na marekebisho hayo huweza kuja pamoja na riba na adhabu.

Bei inayoingia kwenye hesabu ya uchakavu ni gharama yote ya kulipata gari na kuliweka tayari kwa kazi: bei ya muuzaji, ushuru wa forodha kama uliliagiza, usafirishaji, na fedha ya kutengenezesha bodi. Riba ya mkopo wa kununulia gari haichanganywi humo, hudaiwa peke yake kama gharama ya fedha. Aliyesajiliwa kwenye kodi ya ongezeko la thamani (VAT) na akarejeshewa kodi hiyo kwa gari husika, haihesabu tena ndani ya bei.

Gari lako liko kundi gani?

Sheria huweka mali za biashara katika makundi. Kwa wenye magari, mawili ndiyo ya muhimu.

*Kundi la 1, asilimia 37.5 kwa mwaka:*
- magari madogo;
- mabasi yenye viti chini ya 30, kama Hiace na Costa nyingi;
- magari ya mizigo yenye uwezo wa kubeba chini ya tani 7, kama kirikuu na Canter;
- mitambo ya ujenzi na ya kuchimbua ardhi, kama greda na buldoza;
- kompyuta za ofisi.

*Kundi la 2, asilimia 25 kwa mwaka:*
- mabasi yenye viti 30 au zaidi;
- malori makubwa ya mizigo na malori ya kazi maalumu;
- trela na makontena yaliyofungwa juu ya trela.

Mipaka ya kukumbuka ni miwili: tani 7 kwa mizigo, viti 30 kwa abiria. Uwezo unaotazamwa ni ule gari lilivyoundwa kubeba, wala si mzigo uliozoea kulipakia. Hali ya barabara nayo haipimwi. Lori linalosaga tope la masika hupewa kiwango kilekile cha linalotembea lami tupu.

Namna ya kukokotoa

Magari ya kundi moja hayahesabiwi moja moja. Thamani zake hujumlishwa, na asilimia hutolewa kwenye jumla hiyo. Kinachobaki huwa msingi wa mwaka unaofuata. Kwa hiyo makato huwa makubwa mwanzoni, kisha hupungua.

Tuchukue mfano wa kampuni ndogo iliyonunua lori la tani 10 kwa shilingi 80,000,000, gharama zote zikiwa ndani. Lori hilo ni la Kundi la 2.

- Mwaka wa 1: asilimia 25 ya 80,000,000 ni 20,000,000. Inabaki 60,000,000.
- Mwaka wa 2: asilimia 25 ya 60,000,000 ni 15,000,000. Inabaki 45,000,000.

Mwaka wa 3 kampuni inaongeza lori jingine la kundi hilohilo kwa 60,000,000. Msingi sasa ni 45,000,000 na 60,000,000, yaani 105,000,000. Uchakavu ni 26,250,000. Inabaki 78,750,000.

Mwaka wa 4 lori la kwanza linauzwa kwa 40,000,000. Bei ya mauzo hupunguzwa kwenye kundi: 78,750,000 kutoa 40,000,000 ni 38,750,000. Uchakavu wa mwaka huo ni 9,687,500, na kinachobaki ni 29,062,500.

Kiasi kinachobaki katika kundi kikishuka chini ya shilingi 1,000,000, hutolewa chote mwaka huohuo.

Inakupunguzia kodi kiasi gani?

Turudi mwaka wa kwanza wa kampuni hiyo. Mapato yake ni 120,000,000. Matumizi ya kawaida ni 85,000,000. Bila uchakavu, faida ni 35,000,000, na kwa kiwango cha kampuni cha asilimia 30 kodi ni 10,500,000. Ukitoa uchakavu wa 20,000,000, faida inayotozwa kodi ni 15,000,000 na kodi ni 4,500,000.

Tofauti ni shilingi 6,000,000. Fedha hiyo inaweza kununua tairi, kulipa marejesho ya benki, au kuwa akiba ya lori litakalorithi kazi.

Nani anahusika, nani hahusiki?

Makato haya ni kwa anayelipa kodi kutokana na hesabu za faida na hasara: kampuni ya ukubwa wowote, na mtu binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka yamezidi shilingi milioni 100.

Mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi kiasi hicho kwa kawaida hulipa kodi ya makadirio. Tangu mwaka 2022, wasafirishaji wadogo wa abiria na mizigo wamewekewa kiwango cha kulipa kwa kila gari. Anayelipa kwa njia hiyo hadai dizeli, mishahara wala uchakavu, kwa sababu kodi yake haitokani na faida iliyokokotolewa. Mwenye malori mazito na mkopo mkubwa anafaa kuuliza ofisi ya TRA iwapo kutunza hesabu kamili kutamfaa zaidi.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

*Nimeuza lori kwa bei kubwa kuliko thamani iliyobaki kwenye hesabu. Nitafanyaje?*
Bei hiyo inapunguza kundi zima. Ikizidi jumla yote iliyomo, ziada huwa mapato ya biashara na hutozwa kodi.

*Nimeuza magari yote ya kundi, na bado kuna thamani iliyobaki.*
Salio lote hutolewa kama gharama ya mwaka huo.

*Lori limeungua, bima imenilipa.*
Fidia huchukuliwa kama bei ya mauzo na hupunguza kundi.

*Kadi ya gari bado ina jina la aliyeniuzia.*
Badilisha umiliki mapema. Uchakavu hudaiwa na mwenye mali anayeitumia katika biashara yake. Kama biashara ni ya kampuni na kadi ina jina lako binafsi, hilo nalo linahitaji kurekebishwa.

*Lori hubeba mizigo ya wateja na pia mavuno ya shamba la nyumbani.*
Dai sehemu ya matumizi ya biashara pekee. Daftari la safari ndilo shahidi wako.

*Mhasibu wangu amegawa bei ya lori kwa miaka mitano sawasawa.*
Hiyo yaweza kufaa katika vitabu vya biashara. Kwa kodi, kiasi alichotoa hurudishwa kwenye faida, kisha hutolewa uchakavu kwa viwango vya Sheria.

*Nimefunga injini mpya.*
Matengenezo ya kulirudisha gari katika hali yake ni matumizi ya mwaka. Kazi inayoliongezea uwezo au maisha huongezwa kwenye thamani ya kundi.

Jalada la gari

Kila gari liwe na jalada lake tangu siku ya kununuliwa. Ndani yake weka:

1. mkataba wa mauziano na uthibitisho wa malipo kupitia benki;
2. risiti ya EFD, au nyaraka za forodha kama gari limeagizwa nje;
3. ankara ya fundi wa bodi;
4. nakala ya kadi ya gari yenye jina sahihi;
5. mkataba wa mkopo na taarifa za marejesho;
6. bima na leseni ya kila mwaka;
7. daftari la safari: tarehe, mzigo, kutoka, kwenda, nauli;
8. ukurasa mmoja wa hesabu ya uchakavu, mwaka kwa mwaka.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Kwa gari, tunza hati za ununuzi muda wote ambao thamani yake ingali kwenye hesabu, kisha hesabu miaka hiyo.

Kalenda ya mlipakodi

Kwa anayefunga hesabu tarehe 31 Desemba, kodi ya awamu hulipwa kufikia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Unapowasilisha makadirio ya mwaka, ingiza uchakavu unaotarajia ili usilipe kupita kiasi. Ritani ya mwaka huwasilishwa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kwisha, yaani kufikia tarehe 30 Juni.

Viwango na masharti hubadilishwa na Sheria ya Fedha, ambayo kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai. Kila Julai ulizia mabadiliko kwenye ofisi ya TRA ya wilaya yako.

Anza na gari ulilonalo

Kama una lori na hujawahi kudai uchakavu, tafuta kwanza hati za ununuzi. Zikikosekana, mwendee aliyekuuzia akupe nakala, na uombe benki taarifa ya malipo ya siku hiyo. Kisha mpelekee mhasibu au ofisa wa TRA jalada hilo kabla ya ritani ijayo. Kulipa kodi sahihi ni wajibu wa kila mwenye biashara. Kudai uchakavu ni sehemu ya usahihi huohuo, na msafirishaji wa Nkwenda anastahili kuudai sawa na mwenye kampuni ya malori mia.