Kazi Uliyokabidhiwa na Kazi Unayoitengeneza



Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu tutakaorudi Palma, Mocímboa da Praia, Macomia au Quissanga baada ya masomo hatutaanza na cheo kikubwa. Mmoja atakuwa karani wa kituo cha afya, mwingine mwalimu wa darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, mwingine mtunza ghala au mpishi wa kambi ya kampuni. Tangu Oktoba 2017 vita vimewahamisha watu na watumishi wa pwani yetu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikaongeza maafa, na Machi 2021 mji wa Palma ukashambuliwa.

Mahali palipobomoka, karatasi ya maelezo ya kazi haitoshi. Iliandikwa kwa ajili ya kituo chenye maji, dawa na watumishi kamili. Ukifanya yaliyoandikwa tu, mwenye shida atarudi nyumbani na shida yake. Basi somo letu ni hili: mfanyakazi wa ngazi ya chini anawezaje kuanzisha jambo jipya kazini na kuitengeneza upya kazi yake, bila kuvunja amana?

1. Aliulizwa ndoto, akatoa na mpango

Tusome kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) kwa jicho la mtu wa kazi. Mfalme alitaka tafsiri ya ndoto tu. Yusuf, akiwa bado gerezani, alieleza maana ya ndoto, kisha akaongeza jambo ambalo hakuulizwa: limeni miaka saba, na mnachovuna kiacheni katika mashuke yake, isipokuwa kidogo cha kula (Surat Yusuf, aya 47). Alitoa habari ya njaa pamoja na njia ya kuikabili, mpaka namna ya kuhifadhi nafaka.

Baadaye, katika aya ya 55, ndipo alipoomba kusimamia hazina za nchi, akitaja sifa mbili: kuhifadhi na kujua. Tazameni mpangilio wake. Wazo lenye manufaa lilitangulia, cheo kikafuata. Wengi wetu tunasubiri kinyume chake, kwamba tupewe cheo kwanza ndipo tuanze kufikiri. Tena zile sifa mbili haziachani. Mwenye ujuzi asiye mwaminifu ataiba ghala, na mwaminifu asiye na ujuzi ataiacha nafaka ioze.

2. Je, jambo jipya si bidaa?

Swali hili huulizwa sana katika darasa zetu, na ni swali la haki. Bidaa inayokatazwa ni kuzua jambo katika dini. Mambo ya ufundi na ya maisha yana hukumu nyingine. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, watu wa Madina walikuwa wakiichavusha mitende yao kwa mkono. Mtume (s.a.w.) akasema hadhani kuwa jambo hilo lina faida, wakaliacha, na mavuno yakapungua. Akawaeleza kuwa wao wanajua zaidi mambo ya dunia yao.

Waandishi wa sira wanasimulia pia habari ya al-Hubab bin al-Mundhir katika vita vya Badr. Jeshi lilipopiga kambi, alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama mahali pale pamechaguliwa kwa wahyi, au ni rai na mbinu ya vita. Alipojibiwa kuwa ni rai, akashauri wasogee kwenye kisima kilicho karibu zaidi na adui, ili Waislamu wawe na maji. Ushauri ukakubaliwa.

Swali la al-Hubab ni la kubeba kila mahali pa kazi. Kila ukikutana na utaratibu unaokwamisha, uliza kwanza: hii ni sheria, au ni mazoea? Kipimo cha dawa ni sheria ya tiba. Wagonjwa kupanga foleni juani upande wa mashariki wa jengo ni mazoea tu, na mazoea hubadilishwa kwa mashauriano.

3. Milango mitatu

Mwaka 2001 watafiti wawili wa Marekani, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, waliandika juu ya wafanyakazi wanaoitengeneza upya kazi waliyopewa. Miongoni mwa waliowachunguza ni wasafishaji wa hospitali. Baadhi yao walisema kazi yao ni kufagia, basi. Wengine, wenye kazi ileile, walijiona kuwa sehemu ya matibabu: walipanga usafi wao ulingane na ratiba ya wauguzi, na walizungumza na wagonjwa na jamaa zao. Watafiti hao wakaonyesha milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni shughuli zenyewe: unaongeza, unapunguza au unabadilisha namna ya kuzifanya. Wa pili ni mahusiano: unazungumza na nani, unasaidiana na nani. Wa tatu ni maana: unaitazamaje kazi yako.

Tuchukue mfano wa kwetu. Karani wa kituo cha afya kwenye pwani hii anaandika majina kwa Kireno. Mama aliye mbele yake anasema Kimwani, wa nyuma yake Kimakonde, wa tatu Kimakua au Kiswahili. Karani akiomba ruhusa awaeleze watu kila asubuhi, kwa lugha zao, wapi pa kuanzia na karatasi gani ya kuleta, amefungua mlango wa kwanza. Akikubaliana na muuguzi kwamba mgonjwa ambaye hakuelewa maelezo ya dawa arudishwe kwake kutafsiriwa, amefungua wa pili. Akiacha kujiita mwandika majina na kujiona mlinzi wa mlango wa tiba, amefungua wa tatu. Mshahara haujabadilika na bajeti haikuongezwa, lakini mama yule amejua dawa anainywa mara ngapi.

4. Mbeya na zile S tano

Kuvuka Ruvuma tu, upande wa Tanzania, kuna mfano wa kusoma. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza, kwa msaada wa shirika la Japani la JICA, utaratibu uliotoka katika viwanda vya Japani na uliokuwa umeshajaribiwa katika hospitali ya akina mama ya Castle Street, mjini Colombo, Sri Lanka. Baadaye Wizara ya Afya ya Tanzania ikaueneza katika hospitali nyingine.

Kwa Kiswahili hatua zake ni tano. Sasambua: tenga kinachohitajika na kisichohitajika. Seti: panga kila kitu mahali pake. Safisha. Sanifisha: weka utaratibu mmoja unaofuatwa na wote. Shikilia: endelea mpaka iwe desturi.

Ukiyasikia, unaweza kudhani ni habari za ufagio. Kiini chake ni vikundi vya kuboresha kazi vinavyoundwa katika kila idara, ambamo muuguzi, mhudumu na mtunza stoo wanakaa pamoja na kutafuta tatizo lao wenyewe. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkurugenzi hajui kwamba glavu zinatafutwa robo saa kila asubuhi. Anayezitafuta anajua, na mara nyingi anajua pia kabati gani lingemaliza tatizo.

5. Msumbiji: mpaka wa kazi ulipohamishwa

Mfano mwingine ni wa nchi yetu. Baada ya uhuru wa 1975, madaktari waliobaki Msumbiji walikuwa wachache sana, kisha vita vikaja. Mwaka 1984, Pascoal Mocumbi akiwa Waziri wa Afya, nchi ilianza kuwafundisha watumishi wa afya wa ngazi ya kati, kwa miaka mitatu, wawe mafundi wa upasuaji. Kazi iliyokuwa ya daktari peke yake, kama kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua, ikafunguliwa kwa watu ambao hawakuwa madaktari.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa mafundi hao walifanya asilimia 92 ya operesheni kubwa za uzazi katika hospitali za wilaya. Ulionyesha pia kuwa miaka 7 baada ya kuhitimu, asilimia 88 ya waliochunguzwa walikuwa bado wilayani, na katika madaktari waliolinganishwa nao hakubaki hata mmoja.

Hapa kuna mafunzo mawili. Mpaka wa kazi si ukuta wa milele. Na mpaka huo haukuhamishwa kwa ujasiri mtupu. Ulihamishwa kwa miaka mitatu ya kusoma chini ya usimamizi.

6. Mipaka ya kuheshimu

Kwanza, usalama. Usibadilishe lililo nje ya elimu yako kwa jina la ubunifu. Makosa ya karatasi hufutwa, ya sindano hayafutwi.

Pili, mkataba. Surat al-Maida inaanza kwa kuamrisha kutimiza mikataba. Timiza ulichoajiriwa nacho kabla ya kuongeza chako. Mwalimu anayeacha vipindi vyake ili aendeshe mradi mzuri wa bustani amekula haki ya wanafunzi.

Tatu, ujira. Wapo waajiri wanaochukua hiari ya mfanyakazi na kuigeuza wajibu usio na malipo. Hata mafundi wa upasuaji walilalamika kwamba cheo na malipo yao havilingani na kazi wanayobeba. Uislamu umehimiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Kwa hiyo jambo jipya likishakuwa kazi ya kudumu, liandikwe, na malipo yake yazungumzwe. Kudai haki hakupunguzi ikhlasi.

7. Namna ya kulifikisha wazo

Hesabu kwanza. Kwa wiki mbili andika jambo hilo linatokea mara ngapi na linapoteza muda gani. Lalamiko huchosha masikio, lakini hesabu huanzisha mazungumzo.

Uliza swali la al-Hubab, ujue kama unagusa sheria au mazoea.

Omba kujaribu kidogo: chumba kimoja, siku moja ya wiki, kwa ruhusa. Mkubwa anayeogopa mabadiliko ya kituo kizima anaweza kukubali jaribio la Jumatatu.

Zungumza naye faraghani. Usimkosoe mbele ya watu kisha ukashangaa amekataa. Nasaha ya hadharani huingia kama fedheha.

Mfundishe mwenzako. Jambo linalokufa siku unapohamishwa lilikuwa lako, halikuwa la kituo.

Na ninyi mtakaokuwa wakubwa, kumbukeni kwamba kisa cha Badr kina watu wawili: aliyeshauri, na kiongozi aliyesikiliza. Al-Hubab hakuogopa kuuliza kwa sababu alijua atajibiwa. Mfanyakazi wako akinyamaza miezi sita, usifurahie utulivu huo. Jiulize ni lini mara ya mwisho mtu alikuletea wazo, na ulimjibu nini.

Maswali ya darasa

1. Taja utaratibu mmoja wa chuo chetu unaowakwamisha wanafunzi. Je, ni sheria au ni mazoea? Umejuaje?
2. Chukua kazi ya mtu unayemfahamu nyumbani. Ni mlango upi kati ya ile mitatu ambao angeweza kuufungua bila kuomba fedha?
3. Kwa nini sifa mbili alizozitaja Nabii Yusuf (a.s.) zinahitajiana? Toa mfano wa mahali ilipokosekana moja.
4. Ni wakati gani kujitolea kazini kunageuka kuwa dhulma juu ya mfanyakazi?

Allah atupe elimu yenye manufaa, aturudishie amani katika pwani yetu, na atujaalie tuwe wahifadhi na wajuzi wa tutakachokabidhiwa. Amin.