SOMO: MUUGUZI NI KIONGOZI WA AMANI



Katika nchi yetu, kituo cha afya mara nyingi hakina daktari. Kinaongozwa na muuguzi mkuu, pamoja na CODESA, yaani kamati ya maendeleo ya eneo la afya. Uongozi wa muuguzi hauishii kwenye cheo. Tunauona katika mambo manne.

1. Kupanga foleni kwa haki. Anayetangulia si ndugu wa mfanyakazi, wala aliyefika alfajiri, bali aliye hatarini zaidi: mtoto mwenye degedege, mama mjamzito anayetoka damu, mtu anayepumua kwa shida. Jambo hili lisipoelezwa, mkimbizi atasema, "Wanapendelea wenyeji," naye mwenyeji atasema, "Wakimbizi wanamaliza dawa zetu." Ugomvi huanzia hapo. Basi muuguzi alieleze kila asubuhi mbele ya wote.

2. Kukabidhi zamu. Anayetoka amwambie anayeingia, kando ya kitanda: mgonjwa anaumwa nini, amepewa dawa gani, saa ngapi, na nini kiangaliwe usiku.

3. Kukubali kusahihishwa. Muuguzi kijana akiona kipimo cha dawa kimekosewa, aseme. Mkuu wake amshukuru, asimkemee. Kunyamaza kwa sababu ya heshima kunaweza kumuua mgonjwa.

4. Kusikiliza wananchi. Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini mwezi wa 8 mwaka 2018, ikafika Ituri na kumalizika mwezi wa 6 mwaka 2020, iliua watu zaidi ya 2,200. Wengi waliziogopa timu za matibabu, wakaficha wagonjwa. Na wauguzi wengine walishambuliwa. Tulijifunza kwamba uvumi hautulizwi kwa bunduki. Hutulizwa na mtu anayeaminiwa, anayejibu maswali bila kudharau.

Nanyi viongozi wa kambi mna kazi. Ombeni waliohama nao wawe na mjumbe katika CODESA. Malalamiko yapelekwe huko, yasimalizwe kwa mawe mlangoni pa kituo.

Maswali ya kujadili:
– Katika kituo chetu, nani huonwa kwanza, na kwa nini?
– Tukiwa na lalamiko, tunampelekea nani?
– Ni lini tulimshukuru muuguzi aliyetenda haki, hata kama sisi tulingoja?

Muuguzi mwenye haki hutibu mwili, na kijiji pia.