Nilianzishiwa uchungu siku tatu, sasa naogopa kurudi leba

Shangazi, mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Morogoro, na sasa nina mimba ya wiki 39. Mtoto wa kwanza nilipitiliza siku, nikalazwa ili nianzishiwe uchungu. Niliwekewa kidonge usiku wa Jumapili, nikazaa Jumatano alfajiri. Katikati hapo nilipimwa njia na watu nisiowajua, kila mmoja anasema “bado” na kuondoka. Siku ya pili nesi mmoja aliniambia mimi ni mvivu, sitaki kusukuma, na wakati huo nilikuwa sentimita tatu. Dripu ilipowekwa maumivu yalikuja kwa kishindo mpaka nikaomba nipasuliwe. Nilijifungua kwa njia ya kawaida, mtoto mzima, namshukuru Mungu, lakini hadi leo nikipita karibu na ile hospitali moyo unanienda mbio. Sasa kliniki wameniambia wiki ya 41 ikifika bila uchungu, niende wanianzishie tena. Mama mkwe ana mizizi yake, anasema nikiinywa mapema sitafika huko. Nimefikiria pia kuwaambia kliniki kwamba nilikosea tarehe ya hedhi, ili wanisogezee wiki mbili mbele. Mume wangu anasema niamue mwenyewe. Nifanyeje?
– Mwenye hofu, Morogoro

Binti yangu, nianze na lile neno la nesi, maana naona ndilo lililokukaa kooni muda wote huu. Mama aliyefunguka sentimita tatu hana cha kusukuma. Kusukuma kuna wakati wake, nao ni pale njia inapofunguka yote, sentimita kumi. Kabla ya hapo anayesukuma anajichosha bure na anaweza kuuvimbisha mlango wa kizazi. Aliyekuita mvivu alikosea elimu ya kazi yake kabla hajakosea adabu. Lakini nadhani hata yeye, na wale waliosema “bado”, na wewe mwenyewe kitandani, wote mlikuwa mkihesabu saa kuanzia mahali pasipo sahihi. Mlihesabu tangu kidonge cha kwanza. Hoja yangu kwako ni kwamba dawa ilikuumiza kwa sehemu tu. Sehemu kubwa zaidi uliumizwa na kutojua dawa ile inafanya nini, kwa muda gani, na kwa nini. Hilo la pili linaweza kurekebishwa, tena kabla hujalazwa.

Kuanzishiwa uchungu ni kazi mbili ambazo wodini zimepewa jina moja. Ya kwanza ni kuulainisha mlango wa kizazi. Kama mwili haujajiandaa, mlango huo huwa mrefu, umefungwa, na mgumu kama ncha ya pua, na uchungu hata uwe mkali vipi hauwezi kuufungua vizuri mpaka ulainike na kufupika. Ndiyo sababu kabla ya kuanza mkunga au daktari hupima na kutoa alama, kwa utaratibu ulioandikwa mwaka 1964 na daktari Mmarekani Edward Bishop: njia imefunguka kiasi gani, imefupika kiasi gani, ni ngumu au laini, imeelekea wapi, na kichwa cha mtoto kimeshuka hadi wapi. Alama zikiwa chache, kazi ya siku ya kwanza, na wakati mwingine ya pili, huwa ni kulainisha tu, kwa vidonge vya misoprostoli au kwa mpira wenye puto, uleule unaotumika kutolea mkojo. Kazi ya pili ndiyo uchungu wenyewe. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliusogeza mwanzo wa uchungu wa kasi hadi sentimita tano, likasema wazi kwamba kabla ya hapo hakuna muda maalumu uliothibitishwa, kwa kuwa akina mama wanatofautiana mno. Kuanzia sentimita tano, kwa kawaida hauzidi saa 12 kwa mzaliwa wa kwanza na saa 10 kwa wanaofuata. Rudia sasa ile safari yako kwa hesabu hii. Ulipoitwa mvivu hukuwa umeshindwa kuzaa. Uchungu wa kasi ulikuwa haujaanza.

Na zile saa ndefu ambazo hakuna aliyekuja? Hapa ni lazima nieleze dawa kidogo, univumilie. Misoprostoli ilitengenezwa kwanza kutibu vidonda vya tumbo, kwa hiyo vidonge vingi madukani ni vya mikrogramu 200. Kwa mama mwenye mimba iliyokomaa kipimo kinachopendekezwa ni mikrogramu 25, yaani sehemu moja ya nane, kila baada ya saa mbili kama inanywewa, au kila baada ya saa sita kama inawekwa ukeni. Nafasi hizo hazikuwekwa kwa uvivu wa mtu. Mji wa mimba unapokaza, damu inayompelekea mtoto hewa hupungua, unapolegea, hurudi. Ukikaza mfululizo bila kupumzika, mtoto huchoka na mji wa mimba wenyewe unaweza kuchanika. Dripu ya oksitosini nayo haifunguliwi papo hapo baada ya kidonge. Husubiriwa saa kadhaa, kisha huanza na matone machache na kuongezwa taratibu huku mapigo ya moyo wa mtoto yakisikilizwa. Kwa hiyo baadhi ya saa ulizodhani umesahauliwa, huenda zilikuwa ulinzi wako na wa mtoto. Nasema huenda, kwa sababu wakunga katika wodi zetu hawatoshi, na kusahauliwa kweli kupo. Lakini mama asiyeelezwa kitu hawezi kutofautisha kusubirishwa kwa sababu na kutelekezwa, na vyote viwili humwachia jeraha lilelile.

Sasa hilo la kudanganya tarehe. Naelewa linakotoka, ila ni silaha inayokuelekea wewe mwenyewe. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani ni kwamba mama aanzishiwe akiwa na uhakika amefikisha wiki 41, na kwamba mimba isiyo na tatizo isianzishiwe kabla ya hapo. Uhakika huo ndio haki yako, na unaweza kuudai bila uongo hata kidogo. Waulize tarehe wanayoitumia imetoka wapi: kwenye hedhi yako ya mwisho, au kwenye ultrasaundi? Kama ulipigwa ultrasaundi mapema, kabla ya wiki ya 24, hiyo inaaminika kuliko ya juzi juzi, kwa sababu watoto wakishakua hutofautiana ukubwa. Kama hedhi zako zilikuwa hazina mpangilio, sema. Huenda kweli una siku chache za ziada. Ila ukiwatajia tarehe ya kubuni, utakuwa umewaziba macho wale wale unaotaka wakuone, na siku ukiwa wiki ya 43 wao wataandika 41.

Utaniuliza, kwani wiki hizo zina nini? Utaniambia pia siku ya mtoto anaijua Mungu, na bibi zetu walipitiliza wakazaa salama. Wengi walizaa salama, ni kweli. Mapitio ya mwaka 2020 yaliyokusanya tafiti 34 na wanawake zaidi ya 21,000 yalipata vifo vya watoto 4 katika kundi lililoanzishiwa na 25 katika kundi lililosubiri. Wachambuzi walikadiria kwamba ni lazima wanawake wapatao 544 waanzishiwe ili kuzuia kifo kimoja. Ndiyo maana kila mtaa una shangazi aliyepitiliza bila tatizo: waliopatwa ni wachache, na mara nyingi hawalisimulii. Sweden walilinganisha kuanzishiwa wiki ya 41 na kusubiri hadi ya 42, na mwaka 2018 wakausimamisha utafiti kabla ya wakati baada ya watoto sita kufariki upande wa waliosubiri na hakuna hata mmoja upande wa pili. Sitakuficha kwamba faida hiyo imeonekana wazi zaidi kwa wanaozaa mara ya kwanza. Kwa waliokwisha kuzaa kama wewe, matukio yalikuwa machache mno kuweza kuhitimisha. Hilo linakupa nafasi ya kuzungumza na daktari kuhusu siku moja au mbili. Halikupi nafasi ya kutoweka. Waliosubiri Sweden walisubiri wakiwa chini ya uangalizi, hospitali ikiwa karibu.

Pingamizi lingine nalisikia kila mahali: ukianzishiwa utaishia kwenye kisu. Linaonekana kweli kwa sababu watu humlinganisha aliyeanzishiwa na yule ambaye uchungu umemjia wenyewe. Lakini wewe hutachagua kati ya hao wawili. Siku ile utachagua kuanzishiwa au kuendelea kusubiri uchungu usiojulikana utakuja lini, huku mtoto akizidi kukua na kondo la nyuma likizeeka. Ukilinganisha hivyo, yale mapitio ya 2020 yalikuta upasuaji umepungua kidogo kwa walioanzishiwa. Na utafiti wa Marekani wa mwaka 2018, wenye wanawake zaidi ya 6,000 waliokuwa wakizaa kwa mara ya kwanza, ulikuta waliopasuliwa ni asilimia 18.6 kati ya walioanzishiwa wiki ya 39 na asilimia 22.2 kati ya waliosubiri. Zaidi ya hayo, wewe umeshazaa kwa njia ya kawaida. Mlango wa kizazi uliokwisha kufunguka mara moja kwa kawaida huitikia dawa upesi zaidi. Siwezi kukuahidi saa, ila anayekuambia kwamba mara ya pili itafanana na ya kwanza hana ushahidi. Hata ikitokea dawa zikashindwa, kama wewe na mtoto mko salama, kushindwa huko peke yake hakulazimishi kisu. Kuna kupumzika na kurudia, au kubadili njia.

Mizizi ya mama mkwe naiongelea bila kumdharau. Baadhi ya dawa za asili za uchungu zinafanya kazi kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Zinaukaza mji wa mimba, hakuna anayejua kikombe kimoja kimebeba nguvu kiasi gani, na haziwezi kusimamishwa kama dripu inavyofungwa. Mtu aliyekunywa nyumbani kisha akawekewa kidonge hospitalini amepewa dozi mbili, na mkunga anaijua moja. Usinywe. Na kama umekwisha kunywa, hata kijiko, mwambie mkunga kabla hajakugusa. Atakayekugombeza na akugombeze. Fokeo lake si kitu mbele ya mji wa mimba uliochanika.

Kuhusu maumivu, sitakwambia ni ya kufikirika. Uchungu wa dripu mara nyingi hupanda haraka, bila ile ngazi ya polepole ambayo mwili hujipangia, na katika hospitali zetu nyingi za umma sindano ya ganzi ya mgongoni ni kitu cha kusikia tu. Hata hivyo una haki ya kuuliza dawa gani ya maumivu ipo, na kuomba dripu ipunguzwe kasi iwapo uchungu unafuatana bila kupumua katikati. Kinachobaki ni cha bei rahisi na kina ushahidi mzuri: kusimama na kutembea badala ya kulala chali, kitambaa cha moto kiunoni, na mtu wako kando yako. Mapitio ya mwaka 2017 yaliyohusisha wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17 yalionyesha kwamba mama mwenye msindikizaji muda wote huzaa kwa njia ya kawaida zaidi, kwa muda mfupi kidogo, na huondoka akiwa na kumbukumbu njema zaidi. Utaambiwa wodi haina mapazia. Ni kweli wodi nyingi hazina, lakini baadhi ya vituo vya umma mkoani Kigoma viliwaruhusu wasindikizaji katika jaribio la kati ya 2016 na 2018, na leba zao hazikuwa za kifahari.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hofu haijakupangia ratiba, nenda kliniki na kadi yako na mumeo. Hilo la “amua mwenyewe” simlaumu, pengine anadhani ndiyo heshima, lakini leba si mahali pa kuamua peke yako. Mweleze mkunga au daktari yaliyokupata mara ya kwanza, pamoja na moyo kwenda mbio, maana hofu ya namna hiyo baada ya kuzaa inajulikana na inatibika kwa mazungumzo. Omba kujifungulia hospitali nyingine kama inawezekana. Uliza njia itapimwa lini na uambiwe alama zake, utaanza na dawa gani na kila baada ya muda gani, lini watasema imeshindikana na watafanya nini hapo. Hayo mpe mumeo ayaandike. Wakati huo huo, mtoto akipunguza kucheza, ukiona damu, maji yakitoka, kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, usingoje wiki ya 41 wala siku ya kliniki. Nenda usiku huo huo.

Na mama mkwe mwenye mizizi, muombe awe yeye wa kukaa nawe wodini. Amezaa, anajua kukanda kiuno, na mtu anayetaka kukusaidia kiasi hicho anahitaji kazi ya kufanya.