Nyumba ya Kupanga Lamu

Swali: Tuna watoto watatu na mama mkwe anayeumwa magoti. Tukapange Shela au Lamu mjini?

Jibu: Dada, kabla ya mtaa, uliza ngazi. Nyumba nyingi za kupangisha huko ni za ghorofa, ngazi zake nyembamba na zenye mwinuko mkali, na upepo mtamu uko juu kabisa. Mwenye nyumba akutumie picha ya ngazi na ya chumba cha chini chenye choo. Picha za bahari si lazima, utaiona mwenyewe.

Kwa watoto, ningechagua Shela, ufuo u karibu. Ila kutoka uwanja wa ndege wa Manda mnavuka kwa boti, na maji yakipwa, ngazi za gati huteleza. Na kama nyumba ina mpishi wake, pataneni mapema nani ananunua samaki.